Karantini na hali ya moyo: yanayokupata ukiwa ndani na yanayobaki ukishatoka

Ikitajwa karantini watu wengi wanawaza mwili tu, nina virusi au sina, naumwa au siumwi, basi. Sisi tulio upande wa afya ya akili tunakutana na watu ambao vipimo vyao vimetoka safi kabisa, hawana kitu, lakini hawalali, wanagombana na kila mtu ndani, wengine wanalia na ukiwauliza unalia nini hawana jibu. Tuweke sawa jambo moja kwanza maana linachanganya sana: karantini ni ya mtu ambaye haumwi ila alikuwa karibu na mgonjwa, anaangaliwa kama ugonjwa utajitokeza. Mgonjwa mwenyewe anatengwa ili atibiwe, hilo ni jambo lingine. Kwa hiyo wewe uliyeko karantini ni mzima, nguvu unazo, umefungiwa, na kazi yako kubwa ni kusubiri tu. Sasa hapo ndo kichwa kinapoanza.

Mwanzoni wengi wanasema aah afadhali nipumzike kidogo. Zikipita siku chache unaanza kujisikiliza. Koo likikauka kidogo tu umeshashtuka, unachukua kipimajoto unaweka kwapani, 36.6, huamini, unahamishia kwapa la pili, 36.6 tena, bado huamini, unasema labda betri. Na wasiwasi wenyewe una dalili zake, moyo unaenda mbio, kifua kinabana, jasho linatoka, pumzi inakuwa fupi, alafu wewe unazisoma zile kama ugonjwa umeshaingia, wasiwasi unapanda zaidi, dalili zinaongezeka, yaani mnazungushana na mwili wako hivyo hivyo mpaka asubuhi. Dawa yake ni kupima kwa saa maalum, mara mbili kwa siku au kama ulivyoelekezwa na wahudumu wa afya, unaandika kwenye karatasi, unakiweka mbali. Ila pumzi ikikubana kweli na haiachii hata ukitulia, piga simu upate msaada, usijitibu kwa kujiambia ni wasiwasi tu.

Hii sio hadithi, wala sio kwamba watu wanadeka. Mwaka 2003 wakati wa SARS (ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha jamii ya corona) kule Toronto, Kanada, watafiti waliuliza watu 129 waliokuwa wamewekwa karantini, na karibu asilimia 29 walionyesha dalili za msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha, asilimia 31 hivi walikuwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Waliokaa zaidi ya siku 10 walikuwa na hali mbaya kuliko waliokaa pungufu. Ni kweli waliojibu walijitolea wenyewe na dalili sio sawa na kuthibitishwa na daktari, lakini hata ukipunguza bado ni wengi.

Mapema mwaka 2020, corona ndo inaanza kusambaa, jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa mapitio ya tafiti 24 kuhusu jambo hili hili. Yaliyoonekana kuwaumiza watu ni karantini kuwa ndefu, hofu ya kuambukizwa, kuboreka, mahitaji kutofika na taarifa zisizoeleweka, na baada ya kutoka kuna hasara ya kipato na unyanyapaa. Ukiyaangalia vizuri mengi hapo yako mikononi mwa wanaosimamia karantini, na hapa naomba wasimamizi mnisikilize. Mtu akiambiwa siku 14 akili yake inajipanga kwa siku 14, anahesabu, anavumilia. Siku ya 13 jioni unamjia na karatasi unasema tumeongeza saba, bila maelezo, unategemea afanyeje? Siku saba hizo kwake ni nzito kuliko zote alizokaa. Mwambieni mapema kwanini siku ni hizo (corona mwanzoni ilikuwa 14 na Ebola ni 21 kwa sababu ndo muda wa juu ambao ugonjwa kwa kawaida unaweza kukaa mwilini bila kujionyesha), na kama kuna uwezekano wa kuongeza semeni siku ya kwanza. Na mkumbusheni anamkinga nani, mtu akijua yuko ndani kwa ajili ya wengine anavumilia vizuri kuliko aliyepewa amri tu.

Alafu kuna hasira. Huzuni watu wanaielewa ila mtu akiwa na hasira anaonekana mkorofi. Korea Kusini mwaka 2015 walipokuwa na mlipuko wa MERS (ugonjwa mwingine wa mapafu wa jamii hiyo ya corona) waliwafuatilia watu zaidi ya 1,600 waliowekwa karantini wiki mbili ambao hawakuwa na ugonjwa, wenye wasiwasi walikuwa asilimia 7.6, wenye hasira 16.6, zaidi ya mara mbili! Baada ya miezi minne hadi sita hasira bado ilikuwepo kwa asilimia 6.4. Na walioathirika zaidi ni pamoja na waliokosa mahitaji na waliopoteza kipato. Kwa hiyo ukimuona mtu anafoka kwa sababu maji yamechelewa, kabla hujamuita mkorofi hakikisha maji yamefika.

Ukiwa ndani shika saa zako za kulala na kuamka, oga, badili nguo, jinyooshe. Habari soma mara moja au mbili kwa siku kutoka chanzo unachokiamini, yale magrupu ya kutumiana voisi za kutisha toka kwa muda. Ongea na watu, tena kwa sauti, meseji peke yake haitoshi. Kama unatumia dawa za akili au za kifafa usikate hata siku moja, waambie wasimamizi mapema kabla hazijaisha. Watoto waambiwe ukweli kwa lugha yao, ukinyamaza wanajitungia wao na wanayotunga huwa ni mabaya zaidi. Na kama umefungiwa na mtu anayekupiga, karantini haikuzuii kuomba msaada au kutoka kuokoa maisha yako.

Ukitoka usishangae hali isiporudi siku hiyo hiyo. Toronto zaidi ya nusu ya waliokaa karantini waliendelea kwa wiki kadhaa kukwepa watu wanaokohoa au kupiga chafya. Kinachochelewesha zaidi ni majirani: mtu kamaliza siku zake, cheti anacho, bado anaitwa yule wa corona, duka linamhudumia kwa mbali, watoto wake hawapati wa kucheza nao. Kiukweli aliyemaliza karantini bila ugonjwa hana cha kukuambukiza, na ukimnyanyapaa leo, kesho mwenye dalili ataficha ili asiitwe hivyo na huyo ndo atakayekuambukiza.

Ikifika wiki mbili mfululizo huna hamu ya kitu chochote, usingizi umekataa, pombe imeongezeka au huwezi kazi zako za kawaida, nenda kituo cha afya useme wazi kwamba tatizo ni mawazo, usiseme kichwa kinauma ukapewa panadol ukarudi. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki mbili, ni siku hiyo hiyo, na wewe uliyeambiwa na mwenzako kwamba anataka kufa usimuache peke yake, kaa naye mpaka msaada ufike, hata kama ni kwenye simu usikate.