Sweta ya Februari: maswali kuhusu tezi ya thairoidi

Mwaka huu nimetibiwa taifodi mara mbili na UTI mara moja, bado nachoka. Februari Moshi jua linawaka, mimi nimevaa sweta. Tatizo ni nini?

Mwambie daktari habari ya hiyo sweta kabla ya mengine yote. Julai kila mtu Moshi anasikia baridi, Februari hapana. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, hutoa homoni zinazoendesha kasi ya mwili. Ikizembea, kila kitu hupoa: uchovu, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito, kusahausahau. Dalili hizi zina sababu nyingine nyingi, upungufu wa damu ukiwemo, ndiyo maana tezi husahaulika.

Lakini sina goita, yaani uvimbe wa tezi shingoni.

Si lazima uwe nayo. Tezi inaweza kuvimba huku inafanya kazi vizuri, na inaweza kuzembea bila kuvimba. Aliyekupapasa shingo akasema huna kitu, bado hajakupima.

Niombe kipimo gani?

TSH, kipimo cha damu kinachopima homoni inayoiamuru thairoidi. Homoni hii hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni ya mnyapara: kibarua akizembea, mnyapara hupaza sauti. Kwa hiyo TSH ikiwa *juu*, thairoidi iko *chini*. Wengi hujichanganya hapo. Kwa mtu mzima kawaida ni takriban 0.4 hadi 4.0, ila kila maabara ina mipaka yake. Ikizidi, huongezwa kipimo cha FT4, yaani homoni ya thairoidi yenyewe. Ikizidi kidogo tu na FT4 iko sawa, daktari anaweza kurudia baada ya miezi miwili mitatu kabla ya kukupa dawa, na hapo hajakupuuza.

Kuna mama ambaye TSH peke yake inaweza kumdanganya: aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka. Huyo huenda mnyapara mwenyewe ndiye aliyeumia. Asimulie uzazi ule, aombe na FT4.

Zahanati ikikosa kipimo, uliza hospitali ya mkoa (Mawenzi kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha) au KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi. Na usiridhike na neno "kawaida". Omba karatasi yenye namba, uitunze. Ziara ijayo utakuta daktari mwingine.

Nimepewa levothairoksini, vidonge vya homoni ya thairoidi, ya mikrogramu 25. Mwezi umepita, sioni tofauti, wala sikuambiwa nirudi.

Rudi hata kama hukuambiwa. Mara nyingi 25 ni dozi ya kuanzia, hasa kwa wazee na wenye ugonjwa wa moyo. Tezi ikishindwa kabisa, mtu mzima huhitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, yaani karibu 100 kwa mwenye kilo 60. TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Usijiongezee mwenyewe: ikizidi, moyo hukimbia na mifupa hudhoofika.

Unaimezaje? Kwa maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Kahawa na chai ya maziwa (najua, ndiyo asubuhi yetu) hupunguza dawa inayoingia mwilini. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vikae mbali kwa saa 4.

Nikila chumvi yenye madini joto si itatosha?

Hukinga goita ya upungufu wa madini hayo. Tezi iliyoharibiwa na kinga ya mwili haifufuki kwa chumvi.

Nikipata mimba niache dawa?

Usiache hata siku moja. Nenda kapimwe wiki hiyohiyo, maana dozi kwa kawaida hupanda, na mtoto katika miezi ya mwanzo hutegemea homoni yako.