Prepu ya Saa Kumi Alfajiri Inamfundisha Nini Mwanafunzi?

Mzazi wa huku kwetu anapomtafutia mtoto shule ya sekondari, huuliza mapema: prepu, yaani muda wa kujisomea nje ya vipindi, inaanza saa ngapi? Akiambiwa saa kumi alfajiri, moyo hutulia. Hiyo shule haina mchezo. Sisi tunaoandaa walimu hapa Maseno, magharibi mwa Kenya, tuna swali jingine: akishaamshwa hiyo saa kumi, mtoto anatakiwa kufanya nini na akili yake?

Chukua mafuriko ya Budalang'i, eneo tambarare ambako mto Nzoia hukaribia Ziwa Victoria. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni, "Taja sababu nne za mafuriko." Darasa zima litazitaja kwa mpangilio uleule wa daftarini. Au aulize hivi: "Wiki nzima mvua imenyesha Cherang'any na Mlima Elgon. Budalang'i jua linawaka. Mkulima wa huko avune mapema au asubiri? Eleza." Hapo hakuna pa kuchungulia. Mwanafunzi lazima akumbuke kwamba mto Nzoia huanzia nyanda za juu, auteremkie hadi Ziwa Victoria, afikirie tambarare ambako maji hupunguza kasi na kuacha matope yanayoinua kitako cha mto, kisha atoe kauli anayoweza kuitetea. Swali hili halihitaji hata kitabu kipya.

Shida ni kwamba kujifunza kwa namna hii hakupendezi. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio linalostahili kujadiliwa katika kila chumba cha walimu. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu tena na tena katika vipindi vinne. Jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika lililokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, wenzao 61. Na hao waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka!

Ndiyo maana simwamini sana mwanafunzi anayeniambia, "Mwalimu, nimesoma yote." Amepitisha macho, na macho yakizoea ukurasa humdanganya mwenyewe kwamba ameelewa.

Hata hivyo, swali gumu lisilosahihishwa ni adhabu tu. Mwanafunzi anahitaji kuona alipopotoka angali anakumbuka alivyofikiri. Najua darasa la wanafunzi 60 linavyochosha, lakini si lazima kila daftari lifike mezani kwa mwalimu. Chagua majibu matatu, moja likiwa na kosa linalofanywa na wengi, myajadili ubaoni bila kutaja mwenyewe ni nani. Na kila Jumatatu anza na maswali mawili ya mada ya mwezi uliopita, yasiyo na alama.

Kuhusu tuisheni ya likizo sina mengi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaikataza. Usingizi nao ni sehemu ya masomo, kwa kuwa ubongo huimarisha kumbukumbu mtu akiwa amelala.

Mtoto akifunga shule, mzazi, mwambie afunge na daftari akueleze mada moja kwa maneno yake. Si lazima uijue. Utamsikia anapokwama au anapoanza kurudia maneno ya kitabu, na hapo ndipo pa kumrudisha.