Vitz: ya kijiweni na yaliyo chini ya boneti

Ninaendesha Toyota Vitz ya mwaka 2007, ile ya pistoni tatu, na njia yangu ya kila siku ni Kimara hadi Posta na kurudi. Nikipiga hesabu ya pesa zilizonitoka gereji tangu niinunue, sehemu kubwa haikutokana na gari kuchakaa. Ilitokana na maneno niliyoyaamini: ya kijiweni, ya dalali, na ya fundi mmoja niliyemwona mjuzi kwa kuwa alijibu kila swali bila kusita. Kwa mtu wa kipato cha kawaida hili ni gari zuri sana, nalisema kwa moyo wote. Ila unafuu wake una masharti, na maneno ya mtaani huyaacha masharti nyuma.

"Vitz haili mafuta, inanusa tu"

Dalali atakutajia kilomita 20 na ushei kwa lita. Namba hiyo hakuitunga, imo kwenye vipeperushi vya Japani. Swali ni ilipatikanaje. Vitz za kizazi cha pili, zilizotengenezwa kati ya 2005 na 2010, zilipimwa kwa utaratibu wa Kijapani ulioitwa 10-15. Gari huwekwa maabara juu ya roli, huendeshwa kwa dakika 11 hivi, kasi ya wastani ni kama kilomita 23 kwa saa na ya juu kabisa ni 70. Kiyoyozi kimezimwa. Hapo hakuna foleni ya Ubungo, hakuna jua la saa nane mchana, wala hakuna shemeji watatu siti ya nyuma.

Pima mwenyewe. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika kilomita zilizopo kwenye dashibodi, endesha siku zako kama kawaida, kisha rudi sheli ileile ujaze tena mpaka ijikate. Ukiwa umetembea kilomita 312 na zikaingia lita 24, gari lako linakwenda kilomita 13 kwa lita. Rudia mara 3 ndipo uamini. Yangu mjini hucheza kati ya 12 na 14. Barabara kuu, nikitulia kwenye 80, hufika 17.

Na cc ndogo siyo nafuu kila mahali. Injini ya lita 1.0 ikipakia watu watano na mizigo ikapanda Kitonga, utaikanyaga hadi mwisho na bado italia. Injini ya 1.3 kwenye mlima huohuo haihangaiki, na mwisho wa safari mafuta yanaweza kulingana. Mtu wa mikoani achukue 1.3. Mtu wa foleni, 1.0 inamtosha kabisa.

"Pistoni tatu ni injini ya mashaka"

Injini inayodharauliwa hivi inaitwa 1KR-FE, ina cc 996, na ni kazi ya Daihatsu. Imefungwa kwenye Vitz, kwenye Passo, na huko Ulaya kwenye Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1, ambazo zote tatu zilitoka kiwanda kimoja cha Kolín, Jamhuri ya Czech. Ilichukua tuzo ya kimataifa ya injini bora katika kundi la zisizozidi lita 1 kwa miaka minne mfululizo, 2007 hadi 2010.

Ni kweli inatetemeka ikiwa imesimama. Pistoni tatu hazisawazishani kama nne, ndivyo zilivyo. Kinachotakiwa ni kuujua mtetemo wa kawaida wa gari lako, ili siku ukizidi mpaka usukani na dashibodi vinapigapiga, utambue kwamba huenda maunti za injini, yaani mipira inayoishikilia, zimechoka au plagi moja haichomi.

"Oili ya gia boksi ni oili tu"

Hapa ndipo Vitz nyingi zinapofia, na ndipo ningependa unisikilize kuliko pengine popote.

Vitz nyingi za kizazi cha pili zina gia boksi ya CVT. Ndani yake hakuna gia za kupanda moja, mbili, tatu. Kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana, na ndiyo maana gari huchanganya bila ile mishtuko ya kubadili gia. Mkanda ule ni chuma juu ya chuma. Kinachouzuia kuteleza ni presha ya oili na ubora wa oili yenyewe, iliyoundwa ili vyuma viwili vishikane bila kulana. Toyota waliiita TC, baadaye wakatoa FE. Oili ya otomatiki ya kawaida, ATF, imeundwa kwa kazi nyingine, ya sahani za klachi. Ukiimimina kwenye CVT, mkanda unaanza kuteleza kidogo kidogo na kuikwangua puli, na chenga za chuma zinazunguka na oili kila mahali. Utasikia mluzi, gari litachelewa kuchukua, litatikisika unapoondoka kwenye taa. Ukifika hapo, hata oili sahihi haiwezi kuponya puli iliyokwishachubuka.

Ugumu ni kwamba jirani yako anaweza kukwambia, "Mimi naweka ATF mwaka wa sita huu, sijaona tatizo," akawa anasema kweli tupu. Yeye ana Vitz au IST ya kizazi cha kwanza, ambazo nyingi zina otomatiki ya gia 4, na hiyo inataka ATF aina ya T-IV. Ushauri uliolitunza gari lake utaliua lako. Kwa hiyo usiulize "Vitz inaweka oili gani". Chukua namba ya chasisi, tazama kijiti cha oili na kitabu cha gari, kisha simama pembeni fundi akifungua kopo.

"Themostati ni ya nchi za baridi"

Fundi niliyemtaja mwanzo alinitolea themostati. Gari lilikuwa limepandisha joto siku moja pale Mbezi, na akaniambia kifaa kile ni cha Wazungu, huku kwetu joto linatosha. Nikashukuru, nikalipa.

Baada ya hapo mafuta yakaanza kwisha haraka, na ilinichukua miezi kuunganisha mambo hayo mawili. Injini hufanya kazi vizuri ikiwa na joto lake, nyuzi 80 hadi 90 na kitu hivi. Themostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka joto hilo lifike, kisha hufunguka. Ukiiondoa, maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata moto, na kompyuta ya gari, ikisoma kwamba bado ni baridi, inaongeza petroli. Inafanya hivyo kila asubuhi, na kila ukienda safari fupi. Gari kupandisha joto ni dalili ya kitu: feni haizunguki, rejeta imeziba kwa maji ya bomba yenye chumvi, pampu ya maji imechoka, au themostati yenyewe imekwama. Ikikwama inabadilishwa. Na kwenye rejeta weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini.

"Weka nyutro mteremkoni uokoe petroli"

Hili lilikuwa na maana enzi za kabureta. Kwenye gari la injekta, ukiteremka ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta hufunga injekta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na petroli inayotumika ni sifuri. Ukiweka nyutro, injini inabidi ijiendeshe yenyewe kwa kuchoma mafuta ili isizime. Yaani anayejibana ndiye anayetumia zaidi. Tena breki zinabaki peke yake kulizuia gari. Anayetoka Iringa akishuka Kitonga kwa nyutro, pedi zikapata moto mpaka zisishike, hana pa kukimbilia. Shusha gia: S au B kwenye CVT nyingi, 2 au L kwenye otomatiki ya kawaida.

Ukiambiwa kilomita 100,000 zimefika na mkanda wa taiming ubadilishwe, jua kwamba Vitz hizi hazina. Zina cheni, na kinachoitunza cheni ni kubadili oili ya injini kwa wakati. Mkanda uliopo ni wa nje, wa alteneta na wenzake.

"Ni bati tu hilo, ukigongwa umekwisha"

Mwaka 2005 Yaris, ambayo ndiyo Vitz ya kizazi cha pili kwa jina lake la Ulaya, ilipata nyota 5 za ulinzi wa watu wazima kwenye majaribio ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari. Kwa hiyo si bati tu. Lakini nyota hizo zisikulevye. Jaribio la kugonga kwa mbele lilikuwa la kilomita 64 kwa saa, na linalingana na kugongana na gari la uzito kama wako. Vitz ina takriban tani 1. Ikikutana uso kwa uso na basi, nyota hazibadilishi uzito huo. Yaris iliyopimwa pia ilikuwa na mifuko ya hewa ya pembeni ambayo Vitz nyingi za bei ya chini kutoka Japani hazikufungiwa.

Na kama gari lilishapata ajali, hata ile ya mbele huenda haipo. Kabla hujamlipa muuzaji, washa swichi bila kupiga injini, utazame dashibodi. Taa ya mifuko ya hewa inatakiwa kuwaka kwanza, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameificha.