Je, wajua kwa nini indiketa za LED huwaka zote nne kwa mpigo?

Hapa Busia, upande wa Uganda, mji uliozipa bodaboda jina lake enzi za baiskeli za kuvusha watu mpakani, vijana wanajiundia pikipiki. Fremu inatoka kwa huyu, injini kwa yule. Majuzi kijana mmoja alinisukumia yake: injini ya cc 125, tangi alilogonga mwenyewe kwa nyundo, na indiketa nne za LED, nyembamba kama kidole. "Fundi, nikiwasha kushoto, kulia nako kunawaka. Nimebadilisha swichi mara mbili."

Swichi haikuwa na kosa, na indiketa zenyewe zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kwenye kitaa cha kijani cha dashibodi.

Pikipiki nyingi za bei nafuu zina kitaa kimoja tu cha indiketa, kinachopepesa ukikata kona upande wowote. Kitaa hicho hakina waya wake wa ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya pikipiki. Mguu mmoja umeungwa kwenye waya wa kushoto, wa pili kwenye waya wa kulia. Ethi kinaiazima kwa jirani: ukiwasha kushoto, taa za kushoto zinawaka, na umeme kidogo unapenya kwenye kitaa, unatokea waya wa kulia, unapita ndani ya taa za kulia hadi kwenye bodi. Ukiwasha kulia, njia inageuka.

Sasa mbona balbu za zamani hazikuleta shida? Balbu ya indiketa ya wati 10 kwenye volti 12 hula ampea 0.83, na upande mmoja una mbili, jumla 1.67. Kitaa cha dashibodi cha wati 2 hupitisha ampea 0.17 hivi. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya balbu zile, na uzi wa ndani ya balbu haupati moto hata wa kuwa mwekundu. Umeme umepita humo na hakuna aliyeuona.

LED ya wati 1 ni habari nyingine. Mbili za upande mmoja zinataka ampea 0.17, yaani kiasi kile kile kinachopenya kwenye kitaa. Tena LED haina uzi wa kupashwa moto. Ikionja umeme kidogo tu, inatoa mwanga. Ndiyo maana zote nne zikaitika.

Nilimwambia asiendeshe hivyo hata siku moja. Uganda tunapita kushoto, kwa hiyo anayekata kulia anavuka njia ya wanaokuja. Dereva wa lori aliye nyuma, usiku, akiona taa zote nne zinapepesa ataamini umeharibikiwa na umesimama. Atakupita kwa kulia, pale pale unapoingia.

Dawa yake ni dayodi mbili. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na ile yenye namba 1N4007 inatosha kabisa. Hata chaja ya simu iliyokufa mara nyingi unazikuta ndani. Toa miguu ya kitaa kwenye nyaya za kushoto na kulia. Mguu mmoja upeleke ethi. Kwenye mguu wa pili unga dayodi zote mbili, ule upande wenye mstari mweupe ukielekea kitaa. Ncha zilizobaki, moja iende waya wa kushoto na nyingine wa kulia. Kwenye Honda waya wa kushoto ni wa rangi ya chungwa, wa kulia ni buluu mpauko, na ethi ni kijani. Pikipiki za kuunda hazina kanuni hiyo, kwa hiyo pima kwa mita kwanza. Maungio yachomee kwa risasi na uyavishe mpira. Tepu pekee ikinyeshewa huachia.

Baada ya hapo huenda taa zikapepesa mbio mno, au zikawaka tu bila kupepesa. Hiyo ni flasha ya zamani, kile kifaa kinachozipepesa indiketa, iliyotengenezwa kwa mzigo wa balbu kubwa. Wengine huongeza rizista, kipande kinachokula umeme kama balbu, ili kuidanganya. Mimi sipendi: ya omu 10 hula zaidi ya wati 14, inachemka hadi kuyeyusha plastiki, na ile nafuu ya LED yote imepotea. Nunua flasha ya LED. Mguu wa B uende kwenye umeme wa betri, L kwenye swichi, na ikiwa na E, hiyo ni ethi.

Yule kijana nilimtia dayodi zake ndani ya hedilaiti. Akawasha kulia, akakimbia nyuma, akainama. Mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 120 kwa dakika. Tulihesabu 84, na kushoto kulikuwa giza.