Complementary: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hudhani kwamba complementary na complimentary ni neno moja lenye tahajia mbili. Ni kweli kwamba asili yao ni moja, katika Kilatini, lakini leo kila neno lina kazi yake. Lenye i baada ya l huhusu sifa anazomwagiwa mtu, au kitu kinachotolewa bure, kama kifungua kinywa cha mgeni hotelini. Lenye e huhusu vitu viwili ambavyo kila kimoja hujaza pale mwenzake alipopungukiwa.

Dhana nyingine ni kwamba vitu vya namna hiyo lazima vifanane. Nyuzi mbili za DNA, yaani kemikali inayobeba taarifa za urithi ndani ya seli, zinaonyesha vingine kabisa: kati ya viungo vyake vinne vinavyoandikwa kwa herufi A, T, G na C, A hukabiliana na T, na G hukabiliana na C, hivyo palipo na ATTGC upande mmoja, upande wa pili huwa na TAACG. Nyuzi hizo si nakala, bali kila mmoja unatosha kuwa kielelezo cha kuundia mwingine, na ndiyo maana seli inapogawanyika huweza kurithisha taarifa zake. Wanasayansi Watson na Crick, walipoeleza umbo la DNA mwaka 1953, waliligusia jambo hilo mara moja.

Katika hesabu, kosa la kawaida ni kudai kwamba pembe mbili zinazoitwa complementary lazima zipakane. Pembe ya digrii 30 na ya digrii 60 hukamilishana hata zikiwa katika pembetatu mbili tofauti, mradi jumla iwe digrii 90. Zenye jumla ya 180 huitwa supplementary.

Kosa lenye madhara makubwa zaidi limo katika tiba. Kwa Kiswahili tumezoea kuweka karibu kila kisichotoka hospitalini chini ya jina la tiba mbadala, na kwa maoni yangu mazoea hayo yanaficha tofauti inayogusa uhai wa watu. Tiba iitwayo complementary hutumika pamoja na matibabu ya hospitali, kama vile mgonjwa wa saratani anayechomwa sindano za Kichina (acupuncture) ili kupunguza kichefuchefu huku akiendelea na dawa zake. Anayemshauri mgonjwa huyo aziache dawa hizo hampi tiba ya kukamilisha, hata kama neno complementary limeandikwa kwenye bango lake.