Kivuko cha reli kikifungwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mafundi wakifunga kivuko cha reli Kampala, yaani pale barabara inapokatiza reli, hata lami haijang'olewa, stejini pa bodaboda sheria imeshatungwa. Mmoja anasema mwisho wa kukifunga ni siku 21. Mwingine anaapa ni miezi 18.

"Sheria imeweka siku 21, zikizidi, kizuizi king'olewe."

Namba hizo zipo kweli, ila ni za Uingereza. Zimo katika sheria yao ya mwaka 1984 inayosimamia ufungaji wa muda wa barabara, zikiwemo zinazokatiza reli. Kwa amri rasmi, barabara ya magari inaweza kufungwa hadi miezi 18, na njia ya miguu miezi 6. Siku 21 ni za tangazo la dharura penye hatari kwa umma. Kwa kazi ya haraka isiyo na hatari ya namna hiyo, tangazo hudumu siku 5 tu. Na hata hiyo miezi 18 si ukuta: mamlaka ikiridhika kwamba kazi itazidi hapo, na ikaandika hivyo ndani ya amri, ukomo huo hautumiki. Wanaonukuu namba hizi huacha sehemu hiyo.

Uganda ilipata uhuru 1962. Sheria iliyotungwa London miaka 22 baadaye haimfungi mtu wa Namuwongo, mtaa wa Kampala.

"Wa kuulizwa ni watu wa reli tu."

Kivuko kina wenyewe wawili. Reli, mataruma (mihimili inayolaliwa na reli) na kokoto ni vya Shirika la Reli la Uganda. Barabara za jiji zinasimamiwa na KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Ukiuliza upande mmoja utaelekezwa kwa mwingine, kwa hiyo andika barua mbili siku hiyohiyo.

"Kubadilisha reli ni kazi ya usiku mmoja."

Pengine porini. Kivukoni lami huziba kokoto, maji ya mvua yakakosa pa kutokea, na udongo ukapanda hadi kwenye mataruma huku malori yakiendelea kukandamiza. Fundi akibadilisha chuma na kuacha matope chini yake, reli italegea tena. Inabidi kung'oa lami, kuchimbua, kutengeneza mfereji, kumwaga kokoto mpya na kuishindilia, ndipo lami irudishwe. Tena lazima ibaki nafasi ya ukingo wa gurudumu la treni kupita kando ya chuma.

"Magari yamezuiwa, basi treni nayo haipo."

Kizuizi cha barabarani hakisimamishi treni. Angalia pande zote mbili.

"Mwenye duka kando ya kivuko hana la kufanya."

Hapa ndipo watu wengi hujinyima haki. Ibara ya 42 ya Katiba ya 1995 inampa mtu haki ya kutendewa kwa usawa na mamlaka yoyote ya kiutawala, na ya kwenda mahakamani kupinga uamuzi wake. Anza na maombi ya maandishi: nani aliidhinisha kufunga, hadi lini, na wanaotembea kwa miguu wapite wapi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inataka taasisi ya umma ijibu ndani ya siku 21; hizo, angalau, ni siku 21 za Uganda. Ukiamua kwenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi upitiwe upya, una miezi mitatu tangu sababu ya malalamiko ilipotokea. Usihesabu kuanzia siku kivuko kitakapofunguliwa.