Mgonjwa anaposema "nina mawazo"

Mtu anayeketi mbele yangu kliniki ni nadra kuniambia kwamba ana huzuni. Huniambia kichwa kimejaa, mwili unawaka moto, moyo unakwenda mbio, na usingizi unakatika saa tisa usiku usirudi tena mpaka adhana ya alfajiri. Mara nyingi huwa na bahasha ya majibu ya vipimo vya malaria, taifodi, mkojo na presha, na vyote havikuonyesha kitu. Kisha, nikiwa nimekwisha kuanza kuandika, huongeza kwa sauti ya chini: "Halafu nina mawazo, daktari." Mimi ni mwanasaikolojia tiba, si daktari, lakini nimechoka kusahihisha. Kazi yangu huanzia kwenye neno hilo alilolisema mwisho.

"Mawazo" ni gunia pana. Wengi hutia humo msongo wa mawazo, ambao peke yake si ugonjwa, pamoja na wasiwasi uliopitiliza na sonona (huzuni nzito isiyoisha), ambayo ni magonjwa yanayotibika. Hatuko peke yetu katika hili. Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na Dk. Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki mjini Harare mwaka 2006, ambapo akina bibi waliofunzwa husikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, lilitumika neno hilo hilo la watu. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na akina bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ndiyo maana nami simkatazi mtu neno lake. Namwomba tu tulifungue gunia pamoja.

Swali la kwanza ni la muda. Msongo una chanzo chake, kama ada ya shule, kesi ya kiwanja au mgonjwa wa nyumbani, na kwa kawaida chanzo kikiondoka nao hupungua. Sonona hukaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, na lazima iingie kwa mojawapo ya milango miwili: moyo uliozama, au kutopendezwa tena na yale yaliyokuwa yakimpendeza mtu. Mlango huu wa pili ndio unaotupita, kwa sababu mama aliyeacha kwenda kwenye vikoba na kuimba kwaya, na anayejibu salamu kwa kuinua kidole tu, huitwa mwenye maringo. Pamoja na hayo tunaangalia usingizi, hamu ya kula, uchovu, mwendo uliozorota au kutotulia, kujilaumu, kushindwa kufikiri, na mawazo ya kifo. Zikitimia dalili 5 kati ya zote 9, na kazi au nyumba ikiwa imeyumba, hiyo ni sonona. Wasiwasi uliopitiliza hudai muda mrefu zaidi, miezi 6 ya kuhofia mambo mengi kupita kiasi, hofu ambayo mwenyewe hushindwa kuizuia.

Kuhusu mawazo ya kifo, mimi huuliza waziwazi kama mtu amefikiria kujiua. Ndugu wengi huogopa kwamba swali litampandikizia wazo hilo, lakini halimpandikizii; mara nyingi humtua mzigo.

Huuliza pia kama amewahi kuwa na siku kadhaa za kulala kwa muda wa saa mbili tu bila kuchoka, akiongea bila breki na kutumia fedha hovyo. Akijibu ndiyo, huenda tunashughulika na bipola, ugonjwa wa moyo kupanda juu mno na kuzama kwa vipindi, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha kwenye kilele kingine. Swali hili la dakika moja hurukwa mno, nami hilo hunikera.

Watu huchelewa kuja kwa sababu mtaani ugonjwa wa akili una picha moja tu, ya mtu anayeokota makopo barabarani. Hiyo ni picha ya saikosi, yaani hali ya kupoteza uhusiano na uhalisia, isiyotibiwa, ambayo ni adimu ikilinganishwa na sonona na wasiwasi. Muuza duka anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kulia chooni haoni kwamba inamhusu.

Matibabu huanza na mazungumzo. Pale dawa ya sonona kama fluoksetini inapohitajika, namweleza mgonjwa mapema kwamba nafuu huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi, na kwamba asiache akishapata nafuu, bali aendelee kwa miezi kadhaa kwa ushauri wa daktari. Kazi ya nyumbani ya wiki ya kwanza huwa ndogo hata wengine hucheka: kila asubuhi, awe na hamu au asiwe nayo, atoke nje, atembee mpaka kwa jirani, aketi kidogo, kisha arudi aniandikie moyo ulikuwaje kabla na baada.